Barua kwa Mhariri: Wadenmark wa Iowa na Minnesota hawakuanza na kanisa

Ndugu Mhariri,

Katika mjadala wa sharika za Kiswahili zinazoanzishwa huku Marekani, hasa na ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi, kuna hoja isiyokosekana: jengeni kanisa kwanza, mengine yatajipa, mbona Wadenmark walifanya hivyo na wakadumu. Anayeitoa hoja hii mara nyingi ameona picha ya kinu cha upepo cha Elk Horn, Iowa, na ya kanisa jeupe kando ya shamba la mahindi, basi. (Kinu chenyewe kilijengwa Denmark mwaka 1848, kikafunguliwa vipande na kusimamishwa upya Elk Horn mwaka 1976. Waliolima ardhi ile mara ya kwanza hawakukiona.) Naomba nafasi nieleze makazi yale yaliendeshwa vipi, kwa sababu mfano unaotolewa una kasoro kubwa.

Ardhi ndiyo iliyoamua mengi. Serikali ya Marekani iliipima nchi ya magharibi kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, yaani ekari 640, na familia kwa kawaida ilichukua robo yake, ekari 160. Kwa hiyo hata pale ambapo wakazi wote walikuwa Wadenmark, hapakuwa na kijiji kama tunavyokijua sisi. Jirani yuko nusu maili, na wakati wa theluji nusu maili ni safari. Isitoshe, Wadenmark walikuwa wachache mno mbele ya Wajerumani, Waswidi na Wanorwe. Kila mtu akiachwa ajitafutie pake, wangemezwa. Dawa ikawa kutafuta ardhi kwa pamoja. Mwaka 1885 Kanisa lao la Kilutheri lilipatana na wauzaji wa ardhi ya reli kwamba ekari 35,000 katika wilaya ya Lincoln, Minnesota, ziuzwe kwa Wadenmark peke yao kwa muda wa miaka mitatu. Hapo ndipo yalipotoka makazi ya Wadenmark ya Tyler. Chama cha Dansk Folkesamfund, kilichoanzishwa mwaka 1887 na mchungaji F. L. Grundtvig wa Clinton, Iowa, kikafanya vivyo hivyo Danevang, Texas, mwaka 1894 kwa ekari 25,000, kisha Askov, Minnesota, mwaka 1906.

Masharti hayo yasomwe vizuri. Hakuna aliyepewa ardhi bure; walichopata ni muda tu, na muda ukiisha ekari zilizobaki anauziwa yeyote. Ndiyo maana wakaaji walihimizwa kuja haraka, na anayekuja mbio hapati nafasi ya kuuliza habari za udongo. Danevang walikwenda watu waliozoea mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Wakakuta tambarare ya karibu na pwani, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na zao la kuuza ni pamba, ambayo wengi wao hawakuwahi kuigusa. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya dhiki. Waliovumilia walijiundia bima yao ya moto, kampuni yao ya simu na baadaye ushirika wa kuchambua pamba.

Sasa njoo kwenye hoja yenyewe ya kanisa kwanza. Tyler, mahali panapoitwa Danebod, chuo cha wananchi, yaani shule ya vijana isiyo na mtihani wala cheti, kilifunguliwa mwaka 1888. Mwaka uliofuata ukajengwa ukumbi wa mawe, mawe yaliyookotwa mashambani humo humo. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1893 na kukamilika 1895. Solvang, California, iliyoanzishwa mwaka 1911 kwenye karibu ekari 9,000, ilikuwa na usharika na chuo tangu mwaka ule ule wa kwanza, lakini jengo la kanisa la Bethania ni la mwaka 1928. Miaka 17 walisali kwenye majengo ya shughuli nyingine na hawakupungukiwa. Usharika walikuwa nao tangu siku ya kwanza, na jengo lilisubiri. Wanaopewa mfano huu siku hizi wanafanya kinyume: wanakopa benki wanunue jengo kabla ya kujua familia ngapi zitakuwa bado mjini humo baada ya miaka mitatu.

Tena usharika wenyewe ulikuwa mwepesi kifedha kuliko watu wanavyodhani. Denmark kanisa lilikuwa la serikali. Marekani hakuna kodi ya kanisa, kila senti ilitoka mfukoni mwa muumini, na wengi hawakuwa na mazoea hayo. Mchungaji aliishi kwa vitu vinne: ahadi ya mwaka ya kila familia, sadaka za sikukuu tatu, yaani Krismasi, Pasaka na Pentekoste, ambazo kwa desturi ya Kidenmark zilikuwa zake, kitu kidogo kwa ubatizo, ndoa na maziko, na nyumba yenye ekari chache za kufugia ng'ombe na farasi. Bei ya nafaka ikianguka, ahadi ndiyo ya kwanza kuchelewa, sikukuu hufuata, na ng'ombe hubaki. Kwa hiyo mchungaji mmoja alihudumia sharika mbili au tatu, asubuhi huku, alasiri kule, na Jumapili nyingine waumini walisomewa mahubiri na mzee wa kanisa.

Mkutano mkuu wa mwaka ulisomewa hesabu na kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wanawake, ambao ndio waliokuwa wakichangisha sehemu kubwa ya fedha za ziada, katika sharika nyingi hawakuwa na kura kwa muda mrefu. Chama chao kilikutana nyumba kwa nyumba, wakishona na kufuma, kisha kazi zile zikauzwa kwa mnada. Msomaji aliyewahi kununua kuku kwa bei ya mbuzi baada ya ibada huko Moshi au Bukoba hahitaji maelezo zaidi.

Ndani ya kanisa, kwa anayetaka kujua, utaona mfano wa jahazi umening'inia darini, desturi ya makanisa ya pwani za Denmark. Uzio wa meza ya Bwana ni nusu duara. Husemwa kwamba nusu ya pili ni ya waliotangulia. Ibada hufunguliwa na mwimbishaji, si mchungaji, kwa sala fupi ya kuingia nyumbani mwa Mungu.

Watu hao hao, wenye sala moja na jahazi moja, waligombana mpaka wakagawanyika. Kanisa lao la kwanza la pamoja lilianzia Neenah, Wisconsin, mwaka 1872. Ndani yake kulikuwa na mikondo miwili iliyotoka nayo Denmark. Mkondo wa kwanza ulimfuata N. F. S. Grundtvig (1783–1872), baba wa yule mchungaji wa Clinton: uzito uko kwenye ubatizo na Imani ya Mitume inayotamkwa pale, na mtu ni mtu kwanza kabla ya kuwa Mkristo, kwa hiyo nyimbo, historia, michezo na lugha ya mama ni vya Mungu pia. Mkondo wa pili ulikuwa wa uamsho, uitwao Misheni ya Ndani: Biblia ni neno la Mungu, mtu aongoke na aonekane ameongoka, dansi, karata na pombe viachwe. Watu waliwabandika majina, hawa Wadenmark wenye furaha, wale watakatifu. Majina yote mawili yalikuwa ya dhihaka.

Chuo chao cha uchungaji cha West Denmark, Wisconsin, kilichofunguliwa mwaka 1887, kilikuwa na walimu wawili, Thorvald Helveg wa upande wa Grundtvig na P. S. Vig wa upande wa uamsho. Weka walimu wawili wanaopingana kwenye chuo chenye wanafunzi wachache, kila mwanafunzi akitoka ni askari wa upande mmoja. Chuo kilifungwa mwaka 1892. Ikaletwa katiba mpya ya kanisa, wachungaji na sharika wakatakiwa kuikubali kwa maandishi, na waliokataa wakajikuta nje. Mwaka 1894 wakaunda kanisa lao, na mwaka 1896 likaungana na jingine lililokuwa na makao Blair, Nebraska. Upande wa Grundtvig nao mwaka huo huo wa 1896 ukafungua Grand View College mjini Des Moines.

Utaona matokeo yake ukiendesha gari Iowa magharibi leo. Elk Horn na Kimballton ziko umbali wa maili tatu hivi. Elk Horn iliegemea uamsho, Kimballton ikawa ya Grundtvig. Miji miwili midogo, wote Wadenmark, wote Walutheri, kila upande na mchungaji wake wa kulisha. Anayesema kanisa ndilo lililowaunganisha aeleze basi kwa nini iliwachukua mpaka mwaka 1988, kwenye Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani, kujikuta tena chini ya sinodi moja kuu. Kabla ya hapo upande wa Grundtvig uliingia mwaka 1962 katika muungano mmoja na Augustana, kanisa la Waswidi wa Marekani ambalo wamisionari wake wasomaji wa Iramba na Singida wanawajua.

Kwa hiyo waliunganishwa na nini katika miaka hiyo 94? Ukumbi, chuo, na kiwanda cha siagi.

Ukumbi mara nyingi ulikuwa na chama chake, kamati yake na kitabu chake cha hesabu, mbali na baraza la kanisa. Hilo lilifanywa kwa makusudi. Kama ukumbi ni wa usharika, basi siku wenye msimamo wa uamsho wakishinda kura, dansi za asili zinakoma, na vijana wanakwenda kucheza mjini kwa wageni. Mwenye ukumbi wake huru alikutanisha watu waliokuwa hawasalimiani kanisani: mazoezi ya viungo, mhadhara, kahawa, Siku ya Katiba ya Denmark tarehe 5 Juni, na mti wa Krismasi unaozungukwa kwa kushikana mikono na kuimba. Danebod walijenga hata ukumbi wa pili, wa mazoezi ya viungo, mwaka 1904.

Chuo cha wananchi ni mtoto wa Grundtvig. Cha kwanza Denmark kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Cha kwanza Marekani ni cha Elk Horn, 1878. Vikafuata Ashland (Michigan), Nysted (Nebraska), Danebod na vingine. Wavulana walisoma miezi ya baridi shamba likiwa limelala, wasichana wakati wa kiangazi. Hakuna mtihani, hakuna cheti. Waliimba, walisikiliza masimulizi ya historia, walifanya viungo, na mgeni aliyeshuka juzi alifundishwa Kiingereza na hesabu za biashara. Kukosa cheti ndiko kulikoviua. Shule za sekondari za serikali zilipofika vijijini, kijana aliona afadhali miaka inayohesabika. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ilipobana milango, wageni wa kufundishwa Kiingereza nao wakapungua. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania, vilivyoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, ni wajukuu wa wazo hili hili, na vilikutana na swali hili hili la cheti. Atakayeandika kuhusu vyuo vile asisahau kwamba lilikwisha kuulizwa Iowa miaka mia iliyopita.

Kiwanda cha siagi nitakieleza kwa urefu, maana hakuna anayekitaja. Denmark ushirika wa kwanza wa maziwa ulianza Hjedding mwaka 1882. Wadenmark wa Clarks Grove, Minnesota, walianzisha wao mwaka 1890, na wao walikuwa Wabaptisti. Utaratibu: kila mwanachama kura moja, awe na ng'ombe 4 au 40. Keni za maziwa zinafika asubuhi, zinapimwa uzito, maziwa yanapita kwenye mashine ya kutenganisha malai, na mkulima anarudi nyumbani na maziwa yaliyobaki kwa ajili ya nguruwe na ndama.

Tatizo lilikuwa malipo. Ukilipa kwa uzito, anayeongeza maji analipwa maji yake, na aliyeengua malai nyumbani analipwa sawa na asiyeengua. Kila mtu anamjua mwizi, hakuna mwenye ushahidi, na Jumapili wanakaa benchi moja. Mwaka huo huo wa 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akatangaza kipimo cha mafuta ya maziwa ambacho kilimaliza ubishi mwingi kuliko mahubiri. Unachanganya maziwa kwa kuyamimina toka chombo hiki kwenda kile. Unavuta mililita 17.6 kwa pipeti na kuzitia kwenye chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari ya asilimia. Unaongeza mililita 17.5 za asidi kali ya salfuriki polepole, kwa kuitelezesha ubavuni mwa chupa, kisha unaizungusha chupa mkononi mpaka mchanganyiko uwe wa kahawia iliyokolea. Asidi inayeyusha kila kitu isipokuwa mafuta. Chupa zinazungushwa kwenye mashine dakika 5. Unaongeza maji ya moto mpaka chini ya shingo, unazungusha dakika 2. Maji ya moto tena mpaka mafuta yapande shingoni, dakika 1. Kisha unasoma kabla hayajapoa, kwenye nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi.

Makosa yanajionyesha yenyewe. Ukiona vipande vyeusi kwenye mafuta, asidi ilikuwa kali mno au maziwa yalikuwa ya moto. Ukiona vipande vyeupe, asidi ilikuwa dhaifu au haikuchanganywa vizuri. Na kama maziwa yalisimama usiku kucha bila kukorogwa, sampuli iliyochotwa juu itasema uongo kwa faida ya mkulima, ya chini kwa hasara yake. Kwa sababu kupima kila keni kila siku ni kazi ngumu, kila mkulima aliwekewa chupa yenye namba yake, ikitiwa kidogo kila asubuhi pamoja na kidonge cha kuzuia kuganda, ikapimwa baada ya wiki moja au mbili. Kidonge hicho ni sumu, kwa hiyo hutiwa rangi mtu asije akakinywa.

Hesabu ni ya ubaoni: paundi 1,000 za maziwa zenye asilimia 4 ni paundi 40 za mafuta, na siagi itatoka paundi 47 hivi, kwa kuwa siagi ina maji na chumvi ndani yake. Ubao ule ukitundikwa ukutani kila mtu akasoma namba yake, ugomvi wa maji kwenye maziwa unakosa pa kuanzia. Haukuhusu Imani ya Mitume hata kidogo, na mtu wa Grundtvig na mtu wa uamsho waliusoma pamoja, kofia mkononi.

La mwisho ni lugha, na hapa ndipo sharika zetu zitaumia zisipoangalia. Tarehe 23 Mei 1918, Gavana William Harding wa Iowa alitoa tangazo kwamba Kiingereza pekee kitumike shuleni, hadharani, kwenye treni na kwenye simu. Asiyekijua asali nyumbani kwake. Wadenmark, ambao nchi yao haikuwa hata vitani, walibanwa pamoja na Wajerumani. Tangazo liliondolewa kabla mwaka haujaisha, lakini lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Mabadiliko yalikwenda kwa hatua zinazofanana karibu kila mahali: kwanza shule ya Jumapili, kisha mafundisho ya kipaimara, kisha ibada moja ya Kiingereza kwa mwezi, kisha Jumapili kwa zamu, kisha kumbukumbu za mikutano. Nyimbo zilibaki mwisho kabisa. Wa uamsho walihama mapema, kwa kuwa kwao kuongoka kulitangulia utaifa. Wa Grundtvig walichelewa, wakiamini imani huingia kwa lugha ya mama, na waliochelewa kupita kiasi walikuta vijana wameolewa au kuoa nje na kuhamia kwingine. Silaha yao ya kuchelewesha ilikuwa shule ya likizo ya kiangazi ya wiki kadhaa, kila siku, kusoma na kuimba Kidenmark. Saa moja ya Jumapili haikumfundisha mtoto yeyote lugha, na haitamfundisha wa kwetu Kiswahili.

Kamati za sharika zetu zinazotunga katiba zikitaka kuona haya kwa macho, kuna makumbusho ya Wadenmark wa Marekani pale Elk Horn, na hifadhi ya nyaraka zao iko Blair, Nebraska. Waende na mtu anayesoma Kidenmark, maana sehemu kubwa ya maandishi ya zamani yako kwa lugha hiyo. Waombe vitabu vya hesabu vya kumbi na vya viwanda vya siagi kabla ya vitabu vya ibada, wakaangalie hati ya kiwanja iliandikwa kwa jina la nani.

Msomaji wenu,
Des Moines, Iowa